Koti la Mwalimu

Lewisham, London
22 Septemba 2024

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na goti limepoa. Mimi na mjukuu wako Priscilla tu wazima wa mwili. Ameanza sekondari mwezi huu. Sare yake inampwaya, mikono inamfunika vidole, lakini hakulalamika. Siku hizi halalamiki juu ya kitu chochote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja lazima alalamike.

Hospitalini nimepewa zamu za mchana, kwa hiyo jioni tunakuwa pamoja. Kanisani wanakusalimu.

Kuhusu koti, Baba, nisamehe. Nilitaka Lilian alibebe aliposafiri kuja huko mwezi wa Agosti, lakini mizigo yake ilikuwa imejaa. Nitatafuta msafiri mwingine.

Wasalimu Nickson na nyumba nzima.

Mkamwana wako,
Placida


Kamachumu
9 Oktoba 2024

Mkamwana wangu Placida,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa nzima. Afya yangu ni nzuri. Goti ni la umri. Si lazima kuliuliza katika kila barua. Mvua zimeanza. Mwambie Priscilla nimepokea habari ya sekondari kwa furaha, na kwamba sare kubwa ni busara, kwa sababu mtoto hukua na kitambaa hakikui.

Umeandika kwamba mizigo ya Lilian ilikuwa imejaa. Lilian alipita hapa kunisalimu. Begi lake moja lilikuwa tupu, akalijaza kahawa yangu. Kwa hiyo tusizungumze tena habari za mizigo.

Nakukumbusha tulivyopatana, ili maneno yasipotee njiani. Mwanangu alipokuwa mahututi mwezi wa Mei aliomba azikwe huko, ili mtoto wake aweze kumtembelea kwa basi. Ukoo ulikataa. Niliwanyamazisha mimi. Nilisema mwili ubaki, koti lije. Koti hilo la sufu ya kijivu nilishonewa na fundi wa Bukoba mwaka 1974, nilipomaliza chuo cha ualimu, nami nililivaa darasani miaka thelathini na miwili. Siku Humphrey alipoondoka kuja huko nililivua nikamvika, kwa kuwa niliambiwa kuna baridi. Limevaliwa na watu wawili tu tangu lishonwe. Litazikwa badala yake, kando ya mama yake, nasi tutaanua matanga. Mpaka hapo litakapofika, mwanangu kwa hapa nyumbani hajafa, wala hayupo.

Shemeji yako Nickson amekwishachimba kaburi. Ukoo utakutana Jumamosi, tarehe 28 Desemba. Kaburi lililo wazi halipendezi kulitazama, na mimi hulitazama kila jioni kwa sababu liko mbele ya dirisha langu.

Nangoja koti.

Baba mkwe wako,
Mwl. J. Rwechungura


Lewisham, London
27 Oktoba 2024

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikashindwa hata kuketi. Afya zetu ni njema, namshukuru Mungu.

Ni kweli, Lilian alikuwa na nafasi. Aliniomba koti mara mbili, nikamdanganya kwamba liko kwa dobi. Lilikuwa chumbani. Lina harufu yake, Baba. Kwenye kola bado ipo. Nilijiambia nitalituma harufu ikiisha, lakini haikuisha, au mimi ndiye nisiyetaka iishe.

Sasa nimelikunja. Liko kwenye mfuko mlangoni. Jacqueline wa kwaya anaondoka tarehe 14 Novemba, atafika Bukoba Jumamosi tarehe 16. Amekubali kulibeba mkononi.

Nikupe habari nyingine isiyo nzito. Huku tarehe tano Novemba watu huwasha mioto mikubwa na kurusha fataki. Ni kumbukumbu ya bwana mmoja wa zamani aliyetaka kulipua bunge kwa baruti, akakamatwa. Kila mwaka wanatengeneza sanamu yake kwa nguo kuukuu, wanaijaza magazeti, wanaichoma. Mwaka wangu wa kwanza hapa hakuna aliyetuambia. Mlio wa kwanza uliposikika, Humphrey aliruka akajilaza chini ya dirisha, akanivuta mguu. “Placida, wamekuja.” Nikamuuliza kina nani. “Sijui, lakini wana baruti.” Tulikaa pale sakafuni na sahani zetu za wali mpaka mtoto wa jirani alipopita njiani akicheka.

Baadaye yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa siku hiyo. Tunafanyia uani kwa Mzee Hemant, mwenye duka. Amezaliwa Mwanza na mpaka leo akikasirika hutukana kwa Kiswahili. Fataki ananunua kwa ajili ya Diwali, sikukuu yao ya taa ya kumkumbuka mungu Rama, halafu anabakiza nusu kwa ajili ya tarehe tano. Humphrey alimwuliza, “Hemant Bhai, hizi unamshangilia Rama au unawashangilia polisi waliomkamata yule bwana?” Hemant akajibu, “Mimi nashangilia kwamba duka limeuza.” Mkewe Vasanti hupika viazi vya pilipili, na sisi tunapeleka maandazi. Humphrey alikuwa akimsomea yule bwana wa baruti makosa yake: “Mapipa thelathini na sita, mwaka mzima wa maandalizi, halafu unakamatwa umesimama na kiberiti. Huyu hakumaliza darasa la nne.” Watu walicheka mpaka maandazi yakawapalia.

Mwaka huu Priscilla ameomba aandae sanamu yeye mwenyewe, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Nimekubali. Tangu Mei hajaniomba kitu kingine.

Mkamwana wako,
Placida


Lewisham, London
8 Novemba 2024
Kwa mkono wa Jacqueline

Baba,

Shikamoo. Jacqueline anakuletea barua hii peke yake. Hana koti. Usimwulize, kwa sababu hajui vizuri, na nisingependa uelezwe na mtu mwingine.

Koti limeungua.

Jumanne ya tarehe tano nilikuwa zamu. Giza la huku linaingia saa kumi na moja, na Hemant huwasha mapema kwa ajili ya watoto. Nilifika mwendo wa saa kumi na mbili nikiwa bado na sare ya kazi. Moto ulikuwa umeshika. Nilimwona Priscilla amesimama karibu mno na joto, hasogei, na juu ya kuni nikaiona sanamu na mgongo wake, nikaujua ule mgongo. Sufu haiwaki kama pamba, Baba. Inajikunja polepole na kutoa moshi mweusi. Nilitaka kulivuta kwa reki, Vasanti akanishika kiuno.

Nguo zote kuukuu tulikuwa tumezigawa. Mtoto alitafuta nguo, akaona mfuko mlangoni, akachukua. Ni mtoto, hakufikiri. Hivyo ndivyo ilivyotokea.

Nilimgeukia Hemant kwa maneno ambayo najuta. Alilia. Akaniambia, “Dada Placida, mimi nililijua koti. Nilifikiri ndiyo mila yenu, mnamuaga marehemu hivi. Sisi wafu wetu tunawachoma. Nikavua kofia, nikamwombea.”

Priscilla hajanena neno tangu siku ile ila kunijibu ndiyo na hapana. Asubuhi ya leo tu ameniuliza kama Babu ataandika.

Kosa la kwanza ni langu. Ningelituma Agosti, lingekuwa kwako. Niadhibu mimi, lakini mwandikie mtoto neno, hata moja.

Placida


Kamachumu
13 Novemba 2024

Mkamwana wangu Placida,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 27 Oktoba nimeipata leo, nami najibu leo hii ili mwenye gari aipeleke posta asubuhi. Sisi ni wazima. Kahawa imeanza kuiva.

Nimesoma habari ya harufu ya kola. Mama Humphrey alipofariki niliacha kitenge chake kwenye msumari nyuma ya mlango kwa miaka miwili, na watu wakadhani nimesahau kukiondoa. Sikuwa nimesahau. Kwa hiyo la Agosti tumelimaliza.

Jumamosi nitashuka Bukoba mimi mwenyewe kumpokea Jacqueline. Nickson alitaka kwenda, nimemkatalia. Nimenunua shuka jeupe la kulifungia koti, kwa sababu haifai lipandishwe kwenye gari kama mzigo wa sokoni.

Ulichoandika kuhusu moto kimenishangaza. Nilimsomea Nickson, naye alicheka hata akaketi chini. Akaniambia, “Baba, Humphrey alikuwa hivyo siku zote.” Nimemwuliza siku zote zipi. Mimi nimekaa na mwanangu nyumba moja miaka ishirini na mitano, nikamfundisha darasa la nne, naye hakunichekesha hata siku moja. Na yale maneno ya darasa la nne ni yangu. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi waliozembea, wala sikuyasema kwa mzaha. Sikujua kwamba aliyabeba mpaka huko.

Ukipata nafasi niandikie mengine aliyokuwa akiyasema.

Baba yako,
Mwl. J. Rwechungura


Lewisham, London
5 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Sisi tupo.

Barua yako ya tarehe 13 imenifikia siku kumi baada ya simu ya Jacqueline. Alinieleza jinsi ulivyokuwa umesimama pale uwanja wa ndege na shuka mkononi, limekunjwa vizuri, na jinsi alivyokupa bahasha. Kwamba ulisema asante, ukaitia mfukoni bila kuifungua, ukamwuliza kama amekula. Kwamba ulimnunulia chai ukakaa naye mpaka alipomaliza. Kisha nikaifungua barua yako na kusoma habari za shuka hilo hilo. Nilikwenda kazini nikampima mgonjwa joto mara tatu, nikisahau kila mara.

Nickson ananiambia kwa simu, “Shemeji, Mzee hasemi kitu. Anakula, anasali, hasemi.” Najua simu huitaki kwa mambo ya ukoo, ndiyo maana sikukupigia.

Priscilla akirudi kutoka shule huchungulia kwanza pale chini ya mlango barua zinapoangukia. Anazipanga kwa ukubwa, anazigeuza zote, kisha anapanda juu. Mimi nasikia karatasi tu.

Mkamwana wako, kama bado ni hivyo,
Placida


Lewisham, London
20 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Tarehe 28 Desemba imepita. Nickson ameniambia watu walikuja, ukawapa chakula, ukawaaga, na kaburi bado li wazi na mvua inaingia ndani.

Nina neno ambalo sikukuandikia. Wiki iliyopita Priscilla alikuta nakala ya barua yangu ya Novemba, maana huwa nazipiga picha kabla ya kuzituma. Kusoma Kiswahili humchukua muda, lakini aliimaliza. Alikuja jikoni akaniambia kwa Kiingereza, “Umemwambia Babu kwamba sikufikiri. Nilifikiri sana.” Ni maneno mengi kuliko aliyoyasema katika miezi miwili. Tuliketi, akanieleza yote, na mengine nilikuwa nayajua, nikayaficha kwa aibu.

Sanamu ile ilikuwa na jina. Kwa Waingereza ni yule bwana wa baruti. Kwetu, Humphrey aliiita Mwalimu. Kila mwaka aliivika koti lako, akaiketisha kwenye kiti cha plastiki uani kwa Hemant, akatia chaki mfuko wa juu. Kisha alisimama nyuma yake, akasema kwa sauti yako. Nisamehe, lakini ilikuwa sauti yako kabisa, hata kule kusafisha koo. “Hemant, simama. Fataki hizi umewasha kwa idhini ya nani?” “Wewe, mikono mifukoni, umeangusha nini humo?” “Vasanti, viazi ni vizuri. Vizuri si vizuri sana.” Mzee Hemant na umri wake alisimama wima, akajibu, “Ndiyo, Mwalimu.” Watoto waligombania kuulizwa. Hata yale ya darasa la nne, ni Mwalimu aliyekuwa akimwambia yule bwana wa baruti.

Na kabla ya moto Humphrey alilivua koti. Alilifungua kifungo baada ya kifungo, bila haraka, akalikung'uta majani, akalivaa yeye. Alisema, “Mwalimu ameruhusu darasa.” Ndipo moto ulipowashwa, na kilichochomwa ni suruali kuukuu na magazeti. Hakuna mtu mwingine aliyeligusa koti hilo miaka yote. Kulivua ilikuwa kazi yake.

Mwaka huu Priscilla alifanya kila kitu kama alivyokuwa akiona. Alileta kiti. Alileta chaki kutoka shule. Alilitoa koti mfukoni akijua ni la kwako na linasafiri; alitaka livaliwe siku moja ya mwisho, kisha alirudishe. Walipoipandisha sanamu juu ya kuni, Hemant alimwuliza, “Tayari, beti, binti yangu?” Akajibu ndiyo. Ananiambia alijua kuna jambo limebaki, akawa anangoja lifanyike. Alikuwa anangoja baba yake alivue. Moshi ulipoanza kutoka ndipo alipokumbuka kwamba baba yake hayupo.

Nilikuficha haya kwa sababu sikutaka ujue kwamba mwanao alikuwa akikufanya sanamu ya kuchekwa. Nikaona afadhali mtoto aonekane mzembe. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza.

Anasema amemchoma baba yake. Nimemwambia si hivyo, mchungaji amemwambia, mwalimu wake amemwambia. Hamwamini hata mmoja wetu. Anangoja useme wewe.

Placida


Kamachumu
11 Februari 2025

Binti yangu Placida,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu karatasi ya pili ni ya Priscilla.

Barua zako zote ninazo. Nilianza kujibu mara nne, na kila mara nilipoisoma barua yangu niliona imeandikwa na mwalimu mkuu, nikaichana. Desemba ukoo uliniuliza koti liko wapi. Nikajibu kwamba limeungua, na kwamba sababu siijui. Sikuamini habari ya mtoto kuchukua nguo yoyote aliyoiona. Nimefundisha watoto maisha yangu yote.

Humphrey aliniandikia barua kwa miaka kumi na minane. Zote ni safi, hazina kosa wala kicheko. Nilizionyesha kwa watu. Nilijivunia kwamba nimelea mtu makini. Kumbe kila Novemba nilikuwa ninakuja huko, ninaketishwa kwenye kiti, na mwanangu anasimama nyuma yangu karibu kiasi cha kunigusa mabega. Hapa nyumbani hakuwahi kusimama karibu nami hivyo. Sikumruhusu.

Jana mimi na Nickson tumelifukia kaburi. Hatukuweka kitu ndani. Wazee wa ukoo wamesema haijapata kufanyika. Nimewaambia mwanangu ana kaburi moja, liko Lewisham, na matanga yameanuliwa. Shuka nimempa Mzee Hemant, atalileta Jacqueline akirudi huko. Mwambie alimwombea mwanangu kwa namna yake, nami namshukuru.

Baba yako


Mjukuu wangu Priscilla,

Hujambo. Soma polepole. Neno likikushinda liruke, halitakasirika.

Nimeambiwa unasema kwamba ulimchoma baba yako. Nimelifikiri jambo hilo kwa makini na hukumu yangu ni hii. Koti lilikuwa langu. Chaki ni yangu, sauti ni yangu, na sanamu yenyewe ilikuwa mimi. Uliyemchoma, basi, ni mimi. Nami nipo. Leo asubuhi nimekunywa uji, nimemgombeza baba yako mdogo kwa kuacha jembe kwenye mvua, na nimejitazama kwenye kioo. Sikuungua mahali popote.

Ulisimama ukamngoja aje alivue. Mimi pia nilimngoja. Nilikaa dirishani tangu Oktoba nikitazama shimo, nikingoja mwanangu aje kwa gari kutoka Bukoba. Tulimngoja sote wawili, wewe huko na mimi huku, naye hakuja. Hakuna kati yetu aliyekosea kwa kungoja.

Sasa nina kazi ya kukupa. Mwalimu yule alisema mengi akiwa kwenye kiti, nami sikuwapo kuyasikia. Niandikie yote. Ukitaka andika kwa Kiingereza, nina kamusi. Ukifika kwenye maneno yaliyowafanya watu wanicheke sana, usiyapunguze. Nataka hayo hasa.

Babu yako,
Justin